Dokta wa Kioda

Katika kikundi cha Mama Tadea cha kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani, ufukweni karibu na Mbamba Bay, kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: dokta akikunyooshea kidole, unatoka mstarini. Dokta huyo si wa hospitali. Ni cheo cha ngoma, kama malkia, na kazi yake ni kupita na koti jeupe kabla ngoma hazijapigwa, akikagua kucha, viatu, na nani anaumwa huku akijifanya mzima. Mwaka juzi mchezaji mwenzao Jacqueline alinyooshewa kidole, akabisha. Mama Tadea, malkia kwa miaka kumi na tisa, akamfukuza kikundini palepale, na machozi yake yote.

Sasa dokta alikuwa Vitalia, binti wa kumzaa wa Mama Tadea mwenyewe, mwanafunzi wa kidato cha pili. Koti lilitoka kwenye mitumba ya Shabani, maana biashara ya nguo za nje ilikuwa imeruhusiwa tena na marobota yalikuwa yakishuka kila wiki. Mama Tadea alimwona binti yake ndani ya koti lile, akajua amepata mrithi. Furaha yake hata hakuificha.

Ndipo akaja mwalimu Hilda, Mmatengo wa Kitura kule milimani, na fomu mkononi.

"Shikamoo mama. Vitalia anaiweza sana baiolojia. Ukisaini hapa, Januari atahamia shule ya Songea, kwenye maabara ya kweli. Mimi hapa nina hadubini moja tu."

"Marahaba. Songea? Na kioda nimwachie nani, wewe? Nyie wa milimani mnajua kuchimba ngoro, mashimo yenu ya mahindi. Kucheza mtajulia wapi?"

Hilda akacheka, hakununa. "Basi tufanye hivi, mama. Jumamosi siku ya wazazi, mje mcheze shuleni. Wimbo uwe wa konokono wa kichocho, Vitalia achore picha. Wazazi wakiona sayansi inachezeka, huenda na mabinti wengine wakaruhusiwa. Ngoma ikiisha na bado hutaki, fomu naichana mbele yako."

Mama Tadea akakubali. Kukataa kucheza hakuwahi kujifunza.

Lakini mwenzenu alikuwa na lake moyoni. Tangu masika, kila akienda haja ndogo aliona damu. Alidhani ni gonjwa la aibu, lile ambalo wanawake wakilisikia hugusana viwiko wakikuangalia. Akaapa kufa nalo kimya. Maskini, kwenye mstari wa mbele alikuwa akicheza huku amekaza meno.

Jumamosi uwanja ukajaa. Vitalia alikuwa ameshona mifuko ya unga ikawa pazia moja kubwa, akachora konokono, kidudu chenye mkia uliogawanyika, na mwanamke anafua maji yakimfika magotini. Chini kabisa alichora yai la kidudu hicho, lenye mwiba. Watu wakalizunguka, wakauliza, wakashangaa.

Filimbi ikalia. Dokta akaanza kupita. Kwa kawaida malkia hukaguliwa kwa heshima tu, dokta anainama na kupita. Vitalia hakupita. Alisimama mbele ya mama yake, akanyoosha kidole.

"Mama, toka."

"Ala! Mimi?"

Kule kwa wazazi Jacqueline alikuwa amekunja mikono, anatazama. Mama Tadea alitamani kumzaba kofi binti yake, tena la nguvu. Lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, na aliyelizwa nayo alikuwa pale. Akatoka.

Ngoma ikapigwa bila yeye. Vitalia akamshika mkono hadi darasani, akampa kichupa na kumwelekeza chooni. Mama Tadea alirudi nacho amekifunika kwa kona ya khanga. Hilda, aliyewafuata, akaandaa tone la mkojo kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini, akamwachia Vitalia arekebishe.

"Angalia, mama."

Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha kikaja kitu, kama mbegu ya boga, na mwishoni mwiba. Akainua kichwa. Nje ya dirisha, kwenye pazia la mifuko, kilikuwa kilekile.

"Ni kichocho," Vitalia akasema. "Si aibu, mama. Ni maji tunayofulia sote. Zahanati ya misheni wana vidonge."

Mama Tadea akakaa kwenye dawati la wanafunzi, akalia kwa sauti. Miezi yote ile alikuwa amejizika, kumbe ni kidudu cha konokono!

"Nani alikwambia?"

"Khanga zako anafua nani, mama?"

Nje walikuwa wanamaliza wimbo. Mama Tadea alijifuta uso, akanyoosha mkono kwa Hilda. "Lete hiyo fomu." Akasaini taratibu, herufi kubwa, kisha akatoka uwanjani hadi kwa Jacqueline.

"Mwenzangu, nilikukosea. Si kwa kukutoa, kwa kukufukuza. Nimetolewa na mimi leo, nimeona inavyouma. Rudi. Januari tutahitaji dokta."

Jacqueline akaitikia kwa kichwa.

Vitalia, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alisikia. Akaanza kufungua vifungo vya koti, amkabidhi.

"Acha," mama yake akasema, akamfunga kifungo cha juu. "Hilo nenda nalo. Sisi tutatafuta jingine kwa Shabani."