Pai za Opal Bungeni

Miaka minane Verna Tollefsrud alikaa bungeni bila kuleta muswada hata mmoja, na kwao walimpenda kwa hilo. Kabla ya siasa alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo alipoanza kugonga milango kuomba kura, wengi waliomfungulia walikuwa watu aliowahi kuwalisha maharage, na bado alikumbuka nani alikuwa akificha karoti mfukoni. Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia sheria zilizopo zinatosha kujaza ghala la ngano, na kama wakimpeleka mji mkuu wa jimbo, atasikiliza kila jambo kwa makini, halafu atakataa. Wakampa kura nyingi mpaka mpinzani wake akaomba zihesabiwe upya. Zikahesabiwa, zikaongezeka.

Na kweli alikataa. Pale bungeni kila mbunge ana vitufe viwili mezani, cha kijani ni ndiyo na chekundu ni hapana, na ukutani nyuma ya kiti cha spika upo ubao mkubwa wenye majina yote. Ukibonyeza, taa inawaka kando ya jina lako, kila mtu anakuona. Taa ya Verna ilizoea wekundu. Walitaka kubadilisha ndege aliye nembo ya jimbo, akakataa, ndege hakuwa amelalamika. Walitaka kuipa barabara jina la mtu ambaye bado yu hai, akakataa, akasema huyo bwana angali na muda wa kutuaibisha. Jirani yake wa meza, Duane Kessel, mkulima wa viazi mwenye shingo pana na roho nyepesi, alikuwa akimtania kwamba kitufe chake cha kijani kimeota utando wa buibui.

Bunge lenyewe hukaa miezi minne tu, tena mwaka mmoja ndiyo na mwaka mmoja hapana, wakati wa theluji ambapo mashambani hakuna la kufanya. Kikiisha kikao, kila mtu anarudi kwa ng'ombe wake. Na ukishatimiza miaka minane unafunga virago, upende usipende. Verna alipenda. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu, goti moja la chuma, na kiti kizuri nyumbani karibu na dirisha. Angemaliza salama bila kuandika hata mstari, kama si mkaguzi wa afya kuingia kwenye ukumbi wa kanisa.

Kila vuli kanisa lao hufanya karamu ya samaki. Ni samaki mweupe, laini kama jeli, anatetemeka kwenye sahani kama amesikia habari mbaya, na hakuna anayempenda wala anayekosa kwenda kumla. Ukweli ni kwamba watu huendea pai. Za tufaha, za boga, na ile ya zabibu na maziwa ya mgando ambayo imewahi kurudisha wachumba waliokwishaachana. Zote hizo, kwa miaka arobaini na minne, zilitoka katika jiko la nyumbani la Opal, dada wa Clarence, marehemu mume wa Verna.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye tai. Alisema kwa haya, macho yake yakiwa kwenye pai ya zabibu, kwamba kitu kilichookwa katika jiko la nyumbani bila leseni hakiuzwi. Kuna mtu amelalamika. Jina hakulitaja na wala haikuwa lazima, maana kiwanda cha mikate na pai za boksi katika wilaya nzima ni kimoja, na mwenyewe ni Merle Haugland, mbunge, naibu spika, mtu msafi asiyepandisha sauti. Pai zake zina ladha ya boksi lake.

Tangu siku hiyo tanuri la Opal likapoa. Kufikia Krismasi mapazia yake yalikuwa yamefungwa hadi mchana, na alianza kuyataja makao ya wazee ya mjini kwa sauti ileile ambayo mtu hutajia mvua ya kesho. Verna alimtembelea akamkuta na kanzu ya kulalia saa sita mchana, mwanamke ambaye zamani saa hiyo alikuwa ameshaoka, ameshaosha vyombo na ameshamsema pasta.

"Wifi, naona umeamua kufa," Verna akamwambia.

"Sijaamua," Opal akajibu. "Nimekosa tu sababu ya kuamka."

Basi kikao kilipoanza Januari, Verna akaandika muswada wake wa kwanza na wa mwisho. Ulikuwa nusu ukurasa. Ulisema mtu yeyote anaweza kuuza pai, mkate na jamu kutoka jikoni kwake, mradi aandike jina lake juu, ili mnunuzi ajue wa kumlaumu. Kwenye kamati hakupeleka pai, maana hiyo ingekuwa hongo. Aliwaeleza tu zilivyo, taratibu, ganda lake, mdalasini wake, saa tano na nusu ya asubuhi, matumbo yakiwa matupu. Kamati ikaupitisha bila mtu kupinga.

Ukafika mbele ya bunge zima siku ya mwisho ya miswada kuvuka kwenda Seneti, baraza la pili. Usiopigiwa kura kabla ya saa kumi na moja jioni umekufa hadi miaka miwili ipite. Miaka miwili baadaye Verna atakuwa kwenye kiti chake cha dirishani, na Opal atakuwa kwenye yale makao akila pai ya boksi.

Hapa inabidi nieleze mchezo wao mmoja. Mbunge akileta muswada wake wa kwanza, wenzake humtesa kidogo. Humwuliza maswali ya kipumbavu kwa nyuso za msibani, kisha wakati wa kura wote hubonyeza chekundu, hata marafiki zake wa damu. Wanamwacha autazame ule ukuta unaowaka mpaka jasho limtoke. Halafu wanacheka, wanabadilisha taa kuwa kijani, na hapo ndipo spika hufunga kura. Kuna mwanajeshi mstaafu aliyewahi kukimbilia chooni. Kumpata Verna walikuwa wamesubiri miaka minane, na tangu asubuhi walikuwa wakikonyezana kama vijana wa shule.

Tatizo ni kwamba spika alikuwa kitandani na mafua, na aliyeshika kinyundo cha spika siku hiyo alikuwa Merle Haugland.

Maswali yalianza. Duane akataka kujua kama sheria hii inahusu pai iliyoanguka sakafuni.

"Inategemea nani alikuwa anaangalia," Verna akajibu.

Mwingine akauliza mume akiimega pai kabla haijauzwa, ashtakiwe kwa wizi au la. Verna akasema huyo si mwizi, ni mume tu, na adhabu yake anaitumikia tayari. Wakacheka wakapiga meza. Merle akaitisha kura, na ule ukuta ukawaka wekundu kutoka juu hadi chini. Duane alikuwa akifuta machozi kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikielekea kwenye kijani.

Kinyundo kikagonga.

"Kura zimefungwa," Merle akasema kwa upole. "Muswada umeanguka."

Kicheko kilikatika ghafla. Watu walitazamana, kisha mikono ikanyooka ukumbi mzima. Kanuni inaruhusu jambo lililoamuliwa lipigiwe kura upya siku hiyohiyo, ila anayeomba lazima awe amepiga kura na upande ulioshinda. Walioshindwa hawana ruhusa ya kusumbua. Waombaji walikuwepo tele, wote wakiwa washindi wa ushindi wasioutaka. Lakini pale huwezi kusema mpaka mwenye kiti akutaje, na Merle alikuwa ameshikwa na upofu. Alitazama dari. Alitazama saa, iliyokuwa saa kumi na dakika arobaini. Alipanga karatasi zake, kona kwa kona. Duane alisimama akapunga mikono kama anayefukuza kunguru, wala hakuonekana.

Kabla ya kuahirisha kikao lilibaki jambo moja la heshima. Muswada ukifa, mwenyewe hupewa dakika ya kuwashukuru wenzake. Merle alijivunia adabu zake, na isitoshe mama mzee aliyeshindwa ana madhara gani? Akamtaja Verna.

Verna akasimama kwa awamu, kwa ajili ya goti.

"Mheshimiwa naibu spika, naomba muswada urudishwe, tuupigie kura upya."

Merle akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mheshimiwa Tollefsrud, kanuni unaijua. Anayeomba ni aliyekuwa upande ulioshinda. Wewe ni mwenye muswada."

"Naijua. Bibi karani, hebu nisomee jina langu."

Karani wa bunge, Lorraine Petrik, alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo na hakuwahi kuonekana akitabasamu akiwa kazini. Alivaa miwani ingawa hakuihitaji kwa mbali, akauinulia ubao uso.

"Tollefsrud," akasoma. "Hapana."

Ukumbi mzima uliinua shingo. Ilikuwa palepale, nyekundu katikati ya nyekundu, hakuna aliyeitafuta kwa sababu hakuna aliyedhani inawezekana. Merle aliitazama. Akafungua mdomo, akamwona karani ameshakifungua kitabu cha kanuni na kidole kiko juu ya mstari, akaitisha kura.

Wakapiga kura upya. Safari hii hakuna aliyecheza. Taa sita zilikuwa nyekundu, zilizobaki zote kijani, na Verna alikibonyeza kitufe chake cha kijani kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu swichi ya nyumba ya wageni. Merle alibaki nyekundu, na Verna alimheshimu kwa hilo. Walau alikuwa na msimamo.

Kwenye korido Duane alimshika kiwiko, akamwomba msamaha mara tatu, kisha akashusha sauti.

"Sasa niambie ukweli, mama. Ulikosea au ulijua?"

Ukweli ulikuwa nusu kwa nusu. Kidole kilikwenda chekundu chenyewe, kama farasi anayeijua njia ya kwao, na Verna alikuwa anataka kukirudisha. Ila aliinua macho, akaona ukumbi mzima unacheka na mtu mmoja tu hacheki, naye ndiye mwenye kinyundo. Akakiacha kidole palepale.

"Nimesimamia watoto chakula cha mchana miaka thelathini na mmoja," akamwambia Duane. "Namjua yule anayesubiri wenzake wacheke ili achukue keki yao."

Seneti iliupitisha muswada katika wiki moja. Gavana akautia sahihi, akamwita Verna apigwe naye picha, naye akaenda na sweta lake zuri, akasimama pale alipoambiwa asimame. Walimpa kalamu. Ijumaa hiyo akaendesha gari saa nne nzima kurudi kwao, barabara ikiwa nyeupe pande zote, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kanisani huizuia.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuta taa ya jikoni kwa Opal inawaka na kioo cha dirisha kimejaa mvuke. Aliingia bila kubisha. Opal alikuwa na unga hadi kwenye nyusi, na mezani tayari ziko pai kumi na moja, kila moja na karatasi yenye jina lake lililoandikwa kwa herufi kubwa, kubwa kuliko sheria ilivyodai. Hakusema hongera wala asante. Alimsogezea Verna kisu na ndoo ya matufaha.

"Umechelewa," akasema. "Menya. Na usiyakate manene kama ulivyokuwa unawakatia wale watoto."

Verna akavuta kiti, akanyoosha goti lake chini ya meza, akaanza kumenya.