Bahari ya Mill Fork

Jumatatu moja ya Oktoba, Roberta Kessing alifungua darasa lake la sayansi katika sekondari ya Mill Fork, Ohio, akakuta sakafu imejaa maji. Aliweka chakula chake cha mchana mezani, akavua viatu, akachovya kidole na kuonja. Maji yalikuwa ya chumvi, tena vuguvugu, ingawa nje asubuhi zilishaanza kuwa na barafu kwenye vioo vya magari. Gus Tolliver, mhudumu wa usafi, alikuja na dekio lake akasimama mlangoni.

"Bomba tena?"

"Siyo bomba, Gus. Ni bahari."

"Ile unayofundishaga?"

"Hiyohiyo."

Gus alikwenda kuleta kile kibao cha njano cha kuonya kwamba sakafu inateleza. Alikiweka katikati ya darasa, kikaelea kidogo, kikalala upande.

Kila aliyesoma Mill Fork aliifahamu bahari hiyo. Kila majira ya majani kupukutika, Roberta aliwapeleka wanafunzi kwenye kijito nyuma ya kanisa la Walutheri, na nyundo na mikate, wakachimbue visukuku: makome na wadudu wa baharini waliogeuka mawe tangu enzi ambazo Ohio nzima ilikuwa chini ya maji. Kilicho kizuri kilirudi shuleni, kikawekwa kwenye kabati la vioo pamoja na jina la aliyekipata. Mwaka huo safari ilikuwa mashakani. Mwenyekiti wa bodi ya shule, Dwight Oberlander, muuza mifereji ya mapaa, alikuwa ameleta kitabu kipya kinachosema kwamba wilaya ilikuwa nchi kavu tangu ilipoumbwa na kwamba mawe ni mawe. Uamuzi ulisogezwa mpaka baada ya uchaguzi wa Novemba. Kundi la Dwight likishinda, sura ya bahari ingeondolewa na safari ingekufa nayo. Roberta alikuwa karibu kustaafu, na hakuwa na ombi jingine ila safari hiyo iendelee hata baada yake.

Kisheria bodi ya shule haina chama. Kisheria pia mpira wa shule wa Ijumaa usiku, ule unaokusanya mji mzima, ni mchezo tu. Vibao vya kampeni vya Dwight vilikuwa vyekundu, vya mpinzani wake Patrice Lindgren vilikuwa vya bluu, rangi za vyama viwili vikubwa vya nchi, na wamama wa kanisani walishaacha kununuliana keki za maboga.

Maji yalipanda mpaka kwenye muundi, yakatoka darasani, yakashika ujia, yakaingia ukumbi wa michezo. Duka la vifaa lilikuwa na mabuti ya mpira meusi tu, kwa hiyo watu wakayafunga tepe, wengine nyekundu, wengine bluu. Aliyevaa mabuti matupu alitazamwa kama mtu mwenye jambo analolificha. Roberta alivaa matupu.

Kikao cha bodi kilifanyika ukumbini, na kama ilivyo desturi kila mwananchi alipewa dakika tatu. Roberta alisimama na chupa ya maji mkononi. Alisema maji ni ya chumvi, yana viumbe hai, na viumbe hao ni walewale waliomo kwenye mawe ya kijito.

"Mwalimu," mtu aliita kutoka nyuma, "hayo maji ni ya chama gani?"

Watu walicheka, na si wa upande mmoja.

Dwight, suruali imekunjwa mpaka magotini, aligonga nyundo yake ya uenyekiti. "Tunamheshimu mwalimu wetu. Amenifundisha hata mimi. Ila kila jambo lina pande mbili, na bodi lazima isikie zote." Upande wa pili ulisikilizwa. Kisha bodi ikapiga kura, watatu kwa wawili, ikaamua kwamba ni unyevunyevu.

Patrice alimkuta Roberta kwenye maegesho akimimina maji kutoka kwenye mabuti. Alikuwa ametoka kupigwa picha za kampeni akiwa ndani ya bahari, na picha zilikuwa nzuri.

"Vumilia, mpenzi. Tukishinda, kitabu kile nakirudisha kwenye boksi kwa mikono yangu."

"Basi kesho sema hivyo jukwaani."

"Kabla ya uchaguzi? Roberta, kwani unataka tushindwe?"

Wiki iliyofuata, baada ya masomo, Dwight alikuja darasani peke yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo. Visukuku vilikuwa vikiondoka kimoja kimoja. Jiwe lililainika, likaota miguu, likashuka rafu kwa rafu mpaka majini. Yalibaki majina.

"Wa kwangu yuko wapi?"

"Pale, chini ya dirisha. Hapendi kelele."

Dwight aliinama mpaka tai yake ikalowa. Mdudu alikuja, mwili wake pingilipingili, akapanda kwenye kiganja chake, akajikunja akawa duara, vilevile alivyokuwa siku alipochimbuliwa. Dwight alimshika kwa muda mrefu.

"Mvua ilikuwa inanyesha siku ile," alisema.

"Na ulilia ulipompata."

"Usimwambie mtu."

"Kwamba ulilia?"

"Kwamba nimekuja."

Alimrudisha majini taratibu, akakamua tai yake. Kesho yake aliiambia redio kwamba sekondari ina tatizo la mabomba ya zamani, urithi wa bodi zilizopita. Roberta alizima redio. Angeweza kumsamehe asiyejua, lakini huyu alimfundisha yeye mwenyewe, na alikuwa amefaulu.

Siku ya uchaguzi maji ukumbini yalifika magotini. Meza za kura ziliinuliwa juu ya matofali. Watu walipanga foleni kwa adabu, wakiwasukuma wadudu pembeni kwa ncha za mabuti, wakapiga kura, wakabandikwa vifuani stika za kwamba wamepiga kura. Wamama wa kanisani waliuza supu ya maharage na nyama, wekundu meza hii, wa bluu meza ile, mapishi yaleyale. Dwight alishindwa. Watu wa Patrice walikumbatiana wakirushiana maji kama watoto, na Roberta alikwenda nyumbani akalala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Bodi mpya ilikutana kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, mwishoni mwa Novemba. Patrice, sasa mwenyekiti, aligonga nyundo akasema mji umechoka, nyoyo zinahitaji kupoa. Katika majira ya kuchipua wananchi wangepigia kura kodi ya shule, na kodi haipiti bila kura za wale wengine. Kwa hiyo kitabu kipya kitatumika, kwa sasa. Safari ya kijitoni inasimamishwa, kwa sasa, maana bima haikubali wanafunzi kupelekwa baharini.

Roberta alimsubiri mlangoni. "Uliniahidi."

"Niliahidi tukishinda," alisema Patrice, akiufunga upya utepe wa buti lake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Hatujamaliza kushinda, Roberta."

Jumatatu Roberta aligawa vitabu. Alisoma kwa sauti ule ukurasa unaosema wilaya haijawahi kufunikwa na bahari, na wanafunzi wakanakili wakiwa wamepandisha miguu juu ya viti. Gus alipita ujiani akipiga deki, kwa kuwa aliajiriwa kupiga deki. Kisha Roberta akatoa jaribio, swali moja: Je, mahali hapa pamewahi kuwa bahari?

Corinne Mabry, aliyekaa karibu na dirisha, alinyoosha mkono. Mdudu mmoja alikuwa anapanda polepole kwenye mguu wa kiti chake.

"Mwalimu, tuandike ya kwenye kitabu, au haya?"

Roberta aliyatazama maji. Alifikiria kijito, nyundo, na mvua ya siku ile.

"Yanayopata alama ni ya kwenye kitabu," alisema.

Corinne aliandika *Hapana*, akainua karatasi isilowe. Roberta alichukua kalamu nyekundu, akapita meza kwa meza, akiyakata maji kwa magoti, na kila mmoja akampa vema.