Almasi ya Shamba la Mpunga

Mwinjuma si mtu wa kubabaishwa na karatasi, maana uenyekiti wa kijiji kaushika mwaka wa tisa huu, kule delta, na muhuri anatembea nao mfukoni mwa koti. Lakini barua aliyoletewa na mpwa wake Sufiani aigonge muhuri aliisoma mara mbili, halafu akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mjomba, unacheka nini sasa?"

"Umeandika umeokota almasi kwenye shamba langu la mpunga. Sufiani, wewe si umekulia hapa? Toka lini tope hili likawa na jiwe? Hata mafiga, mkaza mjomba wako anafinyanga ya udongo. Ukitaka kumtupia mbwa jiwe, uende Kibiti ukalinunue!"

"Na nauli ya boti juu!" mkewe Mwantumu akadakia toka jikoni.

Sufiani hakucheka. Mwinjuma kamlea huyu toka dadake afariki, jandoni kamtia yeye mwenyewe. Miaka sita kapotelea machimbo ya ng'ambo, leo karudi na kijiwe kama punje ya mahindi, cheupe cha ukungu, wala haking'ai. Akaeleza pole pole. Mataifa yamekubaliana almasi za vita, zile zinazouzwa kununulia silaha, zisiingie sokoni. Jiwe likivuka mpaka sharti lifuatane na cheti cha serikali, kinachosema limetoka wapi. Hili halina.

"Barua ya kijiji ikisema ni la hapa, nitaanzia hapo kutafuta cheti. Muhuri mmoja tu, mjomba. Bila hivyo nimerudi mikono mitupu."

"Nani kalichimba?"

"Watu."

"Watu gani?"

Sufiani akatazama mkeka. "Siwajui. Wao wanachimba, wenye bunduki wamesimama juu ya shimo. Mimi nimenunua kwa wenye bunduki."

Ikamjia Mwinjuma miaka ile ya hofu huku Kibiti, viongozi wa vijiji wakipigwa risasi usiku, uenyekiti wake ungali mbichi, yeye na Mwantumu wanalala ndani ya mtumbwi katikati ya mikoko. Siku zote alijiuliza zile risasi zilinunuliwa kwa kitu gani. Jibu hakulipata, wala leo hakulipata. Ila kitu kinachonunua risasi za watu wengine ndicho hicho, kipo mkekani, kidogo namna ile.

Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi zake kubwa kubwa: Jiwe hili si la kijiji changu. Mtoto wa dada yangu kalinunua ng'ambo kwa wenye bunduki. Akagonga muhuri.

"Mjomba, hii si itanifunga!"

"Ukiipeleka polisi kwa miguu yako nitakwenda nawe, nitakaa nawe kwenye benchi lao mpaka waseme. Ya uongo sina, mwanangu."

Sufiani akafunga jiwe kwenye leso, akashuka gatini bila kuaga. Mashine ya boti ikasikika ikiwaka.

Mwantumu akatoka na sinia la wali na kamba. "Kaenda?"

"Kaenda. Barua kaiacha."

"Basi mpigie, kabla hajashuka bandarini Nyamisati akapanda gari."

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, wali unapoa.