Maua Yaliyofichwa Bafuni

Vasta aliposhuka kwenye teksi Bwera na kufungua mzigo wake, alikuta hasara. Maua ya haidranjia aliyokata asubuhi kule Bulembia, yale ya vichwa vikubwa vya buluu, yalikuwa yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Alikuwa ameyafunga kwa majani ya migomba, maana hivyo ndivyo kwao kila kitu husafirishwa, uyoga hadi samaki, kisha yakapigwa na joto la buti la gari njia nzima kutoka Kasese. Nani angemlaumu? Mwenye maua, huyo ndiye angemlaumu.

Mwenye maua alikuwa Edisa, mama yake Benon, na kesho yake Benon alikuwa anamwoa Ronah, binti wa Vasta. Mwaka 2013 mto Nyamwamba ulipofurika, ulikomba bustani yote ya Edisa, ukambakizia kichaka kimoja cha haidranjia. Tangu hapo hakumruhusu mtu kugusa hata ua moja, mpaka harusi hii, alipomwambia Vasta akate yote akapambe kanisa. Sasa Vasta alimwona akilini binti yake akiingia kwa mama mkwe na lawama mgongoni.

Akiwa bado anahangaika, akasikia sauti ya Edisa uani. Hakutarajiwa mpaka kesho. Vasta akakimbilia bafu la mabati, akayatumbukiza maua yote, vichwa na mashina, kwenye karai kubwa la maji, akafunika kwa kitenge.

Akamkaribisha mgeni kwa chai, akaongeza karanga, akamtolea picha za Ronah tangu ubatizo. Alizungumza mpaka koo likamkauka. Lakini mgeni wa mbali hupewa maji ya kuoga, na wifi yake Vasta, asiyejua lolote, akaja kusema maji yako tayari bafuni.

Edisa akaenda. Vasta akabaki na kikombe mkononi, akingoja kuitwa. Akaitwa.

Kitenge kilikuwa chini. Karaini maua yalikuwa yamefumka, yamekaza, buluu yote imerudi. Vasta aliyagusa kwa kidole kuhakikisha.

"Mama Ronah, nani alikufundisha kulalisha maua mu maji?" Edisa aliuliza. "Hii maua inakunywaka maji hata mu kichwa. Nilisahau kukuambia, ndiyo maana nimekuja mbio."

Vasta angeweza kunyamaza. Lakini furaha ilimzidi, machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

"Hakuna mutu, Mama Benon. Ilikuwa imekufa. Nilikuwa naificha usiione."

Edisa akaketi kwenye jiwe la kuogea, na gauni lake la gomesi hivyo hivyo.

"Na miye ndivyo nilijifunza," akasema. "Nilikuwa naificha, mama mukwe asiione."