Barua Pepe ya Jumapili

Jumatatu asubuhi Kalolaine alifungua barua pepe, akaisoma mara mbili. Ofisi ya viza ya mji mkuu, Nuku'alofa, ilisema safari yake ya Brisbane imesimamishwa. Abonyeze kiungo, ajaze namba ya pasipoti na neno lake la siri ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo viza inafutwa. Na huko Brisbane bintiye Lavinia angejifungua wiki ijayo, uzazi wa kwanza, ugenini, hana mwingine wa kumshika mkono ila mama yake. Katika zile saa ishirini na nne ilikuwa imebaki moja.

Alijaza mbiombio. Pasipoti, tayari. Neno la siri, tayari. Kilichobaki kilikuwa kutuma tu.

Wifi yake Meliame, dada mkubwa wa mumewe, akaingia bila hodi. Dada wa mume apige hodi ya nini?

"Mbona uso umekukunjamana hivyo, wifi? Umeunguza viazi?"

"Niache, wifi. Viza yangu inafutwa."

Meliame akavaa miwani, akasoma polepole mpaka Kalolaine akatamani kumsukuma.

"Hii imetumwa lini?"

"Jana, saa nne asubuhi."

"Jana Jumapili? Saa nne wewe ulikuwa kanisani unasinzia, nilikuona. Jumapili nchi hii ofisi zote hufungwa, na karani wa Nuku'alofa naye alikuwa kanisani kwao. Sasa huyu aliyekuwa ofisini ni nani?"

Kalolaine aliondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Wakaitazama anwani ya mtumaji: herufi na tarakimu ovyoovyo, jina la ofisi halimo. Akafuta yote aliyojaza. Kisha wakaitoa kabatini barua ya viza yenyewe, wakapiga namba iliyoandikwa juu yake.

"Viza yako ipo, mama, haijaguswa," karani alisema. "Na sisi hatumuulizi mtu neno lake la siri. Wewe safiri salama."

Kalolaine akakata simu. Aliketi mkekani akalia, akacheka, akalia tena, na raha aliyoisikia hakuwahi kuisikia tangu siku alipoambiwa binti ana mimba.

"Lia huku unafunga mizigo," Meliame alisema, lakini naye alikuwa anafuta miwani.

Kalolaine akampigia binti.

"Nakuja, mwanangu."

"Najua, mama. Kwani nani kasema huji?"

Aliitazama ile barua pepe.

"Hakuna mtu," alisema. "Hakuna mtu kabisa."