Upako wa Gurudumu la Mbele

Pasta Dieudonné hajui kitu kuhusu pikipiki. Hilo si kosa, wengi hawajui. Kosa ni kumwagia mafuta breki ya mtu halafu kusema Mungu ndiye aliyekutuma.

Waafrika wa Liverpool, hii ya hapa Sydney, wameshaisikia habari hii upande wake, kanisani, kwa kipaza sauti. Mimi sina kipaza sauti. Naitwa Wilondja. Niliacha shule darasa la nne kule Baraka, Kongo, nikaingia gereji, na sijatoka gereji mpaka leo. Nitaieleza ilivyokuwa, na asiyetaka kusoma aache.

Trésor ni mtoto wa dada yangu Léocadie. Baba yake tulimzika kwenye kambi ya wakimbizi. Tulipofika Sydney tulipata nyumba Rooty Hill, na kule mtu akichoka na kitu anakitoa kando ya barabara, manispaa ije ikichukue. Makochi mazima, televisheni, magodoro. Siku moja nikaokota kipikipiki cha mtoto, klachi imekufa, tairi zimeoza. Nikakitengeneza. Trésor akapanda, akaanguka, akapanda tena bila kulia wala kumtazama mama yake. Nikajua huyu ni wa kazi.

Asiyeijua supakrosi namwambia hivi. Wanajaza udongo kwenye uwanja wa mpira, wanajenga matuta, vijana na pikipiki zao wanafunguliwa wote kwa pamoja kutoka nyuma ya geti la chuma. Palipo na kazi kweli ni matuta matatu yanayofuatana. Mwenye moyo anayaruka yote kwa mruko mmoja. Asiye na moyo anapanda moja, anashuka, anapanda la pili, na wenzake wanapita juu ya kichwa chake.

Trésor aliyaruka. Alipomaliza shule timu kubwa ilimchukua, akashinda, akashinda tena, picha yake ikabandikwa kwenye mabango ya uwanja. Hapo ndipo nilipogundua tuna ndugu wengi. Pasta Dieudonné, ambaye siku za kazi anaendesha foklifti kwenye ghala Lidcombe, alimweka kiti cha mbele kanisani, karibu na maua. Hata Wakenya walikuja uwanjani na bendera yao. Nikamuuliza mmoja wao, Clifford, huyu kijana amekuwa Mkenya lini. Akacheka.

"Mzee, mshindi hana pasipoti."

Halafu Trésor akaanguka Melbourne. Alitoka kwenye kona polepole, akaruka, hakufika. Gurudumu la mbele lilipiga uso wa tuta la tatu, mfupa wa paja ukakatika kama muhogo. Timu kubwa ilimtakia heri na kumpa mwingine pikipiki yake. Clifford na bendera yake hawakuonekana. Trésor alipoweza kutembea alipata kazi ya kufunga maboksi, anachechemea kati ya rafu, wasimamizi wanampigia kelele kwamba ni mzito.

Pasta alikuja hospitali mara moja. Aliomba, akafumbua macho, akamwambia dada yangu kwamba adui wa mtoto huyu hatoki mbali. Anatoka nyumbani, ana mikono myeusi.

Nilikuwa nimesimama pale pale kwenye miguu ya kitanda. Mikono yangu ina grisi tangu nikiwa mtoto, haitoki kwa sabuni yoyote. Na kwetu kila mtu anajua adui wa nyumbani ni nani. Ni mjomba. Mjomba ndiye anayebariki mtoto wa dada yake na mjomba ndiye anayemfunga. Mtoto akishindwa mtihani, mjomba. Mke wake asipozaa, mjomba. Mjomba asiyekwenda kanisani ndiye zaidi. Toka siku ile Léocadie hakuniachia chakula tena kwenye sufuria.

Nilimrudisha Trésor kwenye pikipiki mwenyewe. Nilimtafutia Glenn, Mzungu anayeuza mashine za kukatia nyasi, ana timu ndogo na mdomo mchafu. Glenn alimpa pikipiki, mimi nikawa fundi. Msimu ukaanza vibaya. Trésor alikuwa na mwendo kote isipokuwa kwenye yale matuta matatu. Akifika pale anapunguza moto, anapanda moja moja kama mwanamke mjamzito anayepanda ngazi. Hakuingia fainali hata mara moja. Kabla ya mashindano ya Sydney, Glenn alimwambia mbele yangu: ingia fainali hapa, usipoingia rudisha pikipiki na urudi kwenye maboksi yako.

Basi tukafika siku hiyo, Jumamosi, jua kali, uwanja magharibi mwa jiji. Mbio za kwanza Trésor alipanda matuta moja moja, akamaliza nyuma huko. Ikabaki mbio moja tu, ya walioshindwa. Wawili wa kwanza wanaingia fainali, wengine wanafunga mizigo.

Nilikwenda kwenye lori la Glenn kuchukua petroli. Niliporudi chini ya hema letu nikamkuta Pasta Dieudonné ndani ya suti, mkono mmoja juu ya tangi, mwingine umeshika chupa ya mafuta ya upako. Dada yangu amefumba macho. Trésor amepiga magoti na kinga zake zote za kifuani. Na gurudumu la mbele linang'aa kama samaki wa kukaanga.

"Umemwaga wapi?" nikauliza.

"Gurudumu la mbele, mzee wangu. Ndilo linalotangulia."

"Na diski?"

"Diski gani?"

Nikainama. Mafuta yalikuwa yameteremka kwenye spoku mpaka kwenye diski ya breki, na pedi zilikuwa zimeyanywa. Ukitua kutoka kwenye tuta, mbele yako ni kona na ukuta. Unavuta breki ya mbele. Ikiwa na mafuta, unavuta hewa. Nilimweleza hivyo kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na katika kila lugha nilichagua maneno ambayo hayasemwi mbele ya pasta. Kisha nikamshika kola nikamtoa nje ya hema. Mafundi wa timu nyingine wakaacha kazi wakatazama.

Hakupigana. Alitengeneza tai yake akamgeukia dada yangu.

"Umeona, mama? Umeona upako ulivyomchoma?"

Léocadie akatikisa kichwa, ndiyo, ameona. Wakaondoka pamoja.

Nilitoa pedi, nikaweka mpya, nikaosha diski kwa dawa mpaka ikawa kavu kabisa. Nilikuwa na hasira lakini kazi ilikuwa safi. Trésor alikaa kwenye kiti cha plastiki ananitazama. Yeye Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza tangu akiwa shule ya msingi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeyafuta yote. Nikamwambia yote. Akavua glavu, moja, halafu nyingine, akaziweka juu ya goti. Safari hii akasema kwa Kiswahili.

"Siendi."

Nilimtukana. Nilimwambia kama anataka kuwa mwoga awe mwoga bure, asitumie pikipiki ya watu. Nilimuuliza kama mafuta ya zeituni yatageuza kona badala yake. Alisubiri nimalize. Akasema kule Melbourne, alipokuwa anaondoka kwenye tuta la kwanza, alihisi mtu amemshika nyuma. Nikasema hakuna aliyemshika, alitoka kwenye kona na gia isiyo yake, nimeiona kwenye video mpaka macho yakauma.

"Nani akushike, Trésor?"

Akatazama spana mkononi mwangu.

"Sijui, mjomba. Mama anasema ni wewe."

Spika za uwanja zikaanza kuita majina ya mbio ya walioshindwa. Glenn akaja, akatazama pikipiki, akamtazama Trésor bila glavu, akaniuliza nini kimeharibika. Nikasema hakuna kilichoharibika. Akauliza basi kwa nini haiko getini. Ningemwambia nini? Ningeanzia wapi na Mzungu wa mashine za nyasi?

Nikaenda kuwatafuta. Niliwakuta kando ya uzio wanakula chipsi, dada yangu ameshika pakiti, pasta anachovya kwenye sosi ya nyanya. Nikasema, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, kwamba pasta arudi ampake kijana kichwani, mikononi, popote anapotaka, ila pikipiki aiache.

Pasta akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Mafuta ni ya nini tena, mzee? Mafuta si umeyaosha. Shida yenyewe haijaoshwa."

"Sema maneno, kaka," akasema Léocadie.

Nilijua maneno gani. Kila mtu wa kwetu anayajua. Mjomba anachukua maji mdomoni, anampulizia mtoto kifuani, anasema mbele ya mashahidi: kama ni mimi niliyekufunga, nimekufungua. Wazee walikuwa wanayasema kwa jambo lolote, hata kwa kijana anayekwenda kuoa, na hakuna aliyewashuku. Siku hizi ni tofauti. Siku hizi wachungaji wamefundisha watu kwamba asiyefunga hana cha kufungua. Ile "kama" haisikiki tena. Ukisema maneno yale, umekiri.

"Léocadie," nikamwambia, "mimi ndiye niliyekulea."

"Najua. Ndiyo maana una nguvu juu yetu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa anapokaa. Angenipiga kofi ingekuwa afadhali. Nilisimama pale nikimtazama yule mwanamke na chipsi zake, nikamtazama mwenye suti, na ukweli ni kwamba nilitaka kuondoka, niende stesheni nipande treni niwaachie pikipiki, lori, kijana na Mungu wao. Spika zikaita jina la Trésor. Mara ya kwanza vizuri, mara ya pili wakaliharibu.

Nikarudi kwenye hema, wao nyuma yangu. Nikachukua chupa ya maji ya kijana mwenyewe, nikajaza mdomo, nikampulizia kwenye kinga ya kifua. Glenn akapiga kelele anauliza nafanya upuuzi gani. Kijana wa timu ya jirani akatoa simu, na Pasta Dieudonné naye akatoa yake.

"Kama ni mimi niliyekufunga," nikasema, "nimekufungua. Nenda."

Trésor akavuta pumzi ndefu. Akavaa glavu. Akawasha.

Getini alitoka vibaya, wenzake wakamfunga kwenye kona ya kwanza, akawa wa sita au wa saba. Kisha wakaja kwenye matuta matatu. Nilikuwa nimegeuka, sikutaka kuona. Nilisikia tu. Ukikaa na injini moja muda mrefu unajua sauti yake kati ya ishirini, na ile injini haikushuka. Ilipanda, ikanyamaza hewani, ikapiga chini upande wa pili. Watu kwenye viti wakanguruma. Alipita wawili kwa mruko ule. Mzunguko uliofuata akaruka tena.

Kona ya mwisho alikuwa wa tatu. Mbele yake kijana wa Queensland, amefunga njia ya ndani. Trésor akachelewa kuvuta breki, akachelewa mpaka Glenn akanishika bega, halafu akavuta. Gurudumu la mbele likashika udongo kama jino. Akapita upande wa ndani wa yule kijana, akatoka wa pili.

Kwenye fainali alimaliza katikati. Glenn hakujali, alikwishaona alichotaka kuona. Walipeana mkono na Trésor pale pale, pikipiki ni yake msimu mzima, na mwingine akiendelea hivi. Léocadie alilia. Pasta Dieudonné alilia. Nilifuta matope kwenye diski nikasubiri mtu aje anisemeshe, hakuja mtu.

Jumapili video ilikuwa kwenye simu ya kila Mkongomani wa Sydney. Pasta aliionyesha kanisani kwenye ukuta, na Trésor akasimama akashuhudia. Nimeambiwa alisema kwa Kiingereza kwamba alijisikia mwepesi. Nani abishane na hilo? Kijana hakuweza kuruka, mjomba akakiri, kijana akaruka. Ningekataa, angerudi kwenye maboksi na mimi ningekuwa mchawi mgumu. Nilikubali, akapata nafasi, na mimi ni mchawi aliyelainika. Duka la Waafrika kule Liverpool, nikienda kununua unga wa muhogo, mama mwenye duka, Médiatrice, anamtuma mtoto wake nyuma ya pazia kabla hajanisalimia. Ananisalimia vizuri. Na bei hapandishi.

Wiki ileile Trésor, ambaye alikwishahama na mama yake, alikuja Rooty Hill, akasimama mlangoni, hakuingia. Alisema Glenn amepata fundi mwingine, kijana wa Penrith. Nikamuuliza ni Glenn aliyemtafuta au ni yeye. Akasema mama hatalala nikiendelea kuishika pikipiki. Nikamuuliza na yeye, yeye analala? Akatazama viatu vyake.

"Najua pedi zilikuwa zako, mjomba. Najua kabisa. Lakini pedi hazikunivusha."

Nikamwambia aondoke kabla sijamfunga kweli. Hakucheka, na mimi sikusema ili acheke.

Anaendelea vizuri. Amepanda jukwaani mara kadhaa, ameanguka mara moja, ameamka. Kila siku ya mashindano, kabla hajaenda getini, ananipigia simu. Hanisalimii. Nyuma yake nasikia injini, nasikia mama yake anauliza nimesemaje. Anataka niseme yale maneno. Nami nayasema, na sijui ninamfungua kutoka kwa nani.

Mara ya mwisho nilimshika kwenye simu kidogo. Nilisikia pikipiki yake ikisukumwa, na gurudumu la mbele linalia, pedi zinakwaruza diski. Nikamwambia amwambie yule fundi wake ailegeze ekseli, aivute breki mara chache, ndipo akaze tena. Akasema sawa, mjomba, sasa sema.

Nikasema. Akakata.