Siku Blessing Aliporudi Kundini

Akina mama wenzangu, mtu akielekeza simu yake usoni mwa mtoto wako, hata kama ni mtu wa kanisani, hata kama mnaimba naye kwaya moja, mwambie asubiri kwanza. Mimi sikumwambia asubiri. Nilimwambia rusha.

Sisi tunakaa mlimani, juu ya Hedaru. Usharika wetu ni wa siku nyingi, kengele ile babu zetu waliibeba mabegani. Lakini vijana wameshuka, huyu Same, yule Moshi, na waliobaki Jumapili wanawasikiliza wahubiri wa kwenye simu wakiwa wamelala kitandani. Ikafika mahali mabenchi ya nyuma yakawa ya kuku. Ndipo katibu wa usharika, Asheri, mtu mzima mwenye kibanda cha fotokopi pale Hedaru, akasimama kwenye matangazo akasema tufungue chaneli yetu mtandaoni.

"Kama watu hawataki kupanda mlima," akasema, "basi ibada na ishuke."

Tulicheka, tukapiga makofi.

Na sitaki kusema uongo, ilipendeza. Kwaya yetu ikaonekana mpaka Dar. Wifi yangu Hedwiga akanipigia kutoka huko. "Wifi! Nimekuona! Kilemba umekifunga kama mke wa waziri!" Wiki nzima nilipalilia maharage huku nacheka peke yangu.

Sasa kuhusu Blessing. Ni binti yangu wa pili. Alipomaliza kidato cha nne akapata mimba, na yule kijana akaikana. Kwetu desturi inajulikana. Binti akipata mtoto kabla ya ndoa anatengwa. Hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya, na mtoto wake habatizwi mpaka yeye mwenyewe arudi kundini. Kurudi ni kusimama mbele ya usharika, kusema kosa lako kwa mdomo wako, mchungaji akatamka msamaha, na wazee wakakupa mkono mmoja mmoja. Ni aibu, siyo kwamba siyo aibu. Lakini ina mwisho wake. Ukitoka mlangoni pale, imekwisha, na mtu akikukumbusha, yeye ndiye anaitwa kwa wazee. Mama yangu mdogo alirudi hivyo mimi nikiwa mtoto, na sijasikia mtu akimtajia jambo lile mpaka tunamzika.

Blessing alikaa miaka miwili bila kurudi. Mtoto, Faraja, alishaanza kutembea. Mwaka jana akashikwa na homa kali, nikaogopa sana. Nikamsumbua mama yake asubuhi na jioni: mtoto abatizwe, mtoto abatizwe. Na kwa kuwa alikuwa amepata nafasi chuo kimoja Same, kusomea ualimu wa chekechea, akakubali arudi kundini kabla hajaondoka.

Asubuhi hiyo ya Jumapili nilimkuta Asheri mlangoni anafunga simu kwenye kile kisimamio cha miguu mitatu.

"Mama Blessing, leo tunarusha ibada nzima. Ile ya binti je? Niizime?"

"Uizime ya nini? Rusha tu, wifi yangu aone mjukuu anabatizwa."

Blessing alikuwa chumba cha nyuma na wazee. Zilikuwa hatua kumi kwenda kumuuliza. Sikwenda.

Akasimama. Akasema, "Nimekosa mbele za Mungu na mbele zenu, ndugu zangu. Naomba mnipokee." Akashindwa kuendelea, akalia, na kanisa zima likalia naye. Anaeli mume wangu, ambaye hata msibani hatoi machozi, akatoa leso. Faraja akabatizwa. Tukarudi nyumbani tukala wali na kuku, Blessing akacheka na wadogo zake. Nikajua mzigo umetua.

Kumbe Asheri alikikata kile kipande, akakiweka peke yake. Akakiandikia juu: BINTI ALIA MADHABAHUNI, TAZAMA MWISHO. Kikatazamwa kuliko nyimbo zetu zote zikijumlishwa. Mimi sikujua, simu yangu ni ya kitochi. Nilichoona ni wageni wanaongezeka kanisani, gari tatu kutoka Same Jumapili moja, na mchungaji amechangamka.

Aliyenifumbua macho ni Zaituni, tunauza naye maharage bega kwa bega sokoni Hedaru.

"Dada, nisamehe," akasema. "Hivi nyie huko mlimani, binti akiteleza mnampigia mbiu?"

"Mbiu gani?"

Akapangusa simu yake kwa kanga, akanionyesha. Mwanangu huyo, analia.

"Hata kwetu watoto wanateleza, hatujifanyi malaika," Zaituni akasema. "Lakini tunamfunika, dada. Tunamfunika."

Akaanza kunisomea yaliyoandikwa chini yake na watu. Ya kwanza yalikuwa ya baraka. Alipofika la nne nikamwambia, basi, Zaituni, zima.

Haikupita wiki, Alhamisi, Blessing akatokea nyumbani kutoka chuoni Same na begi lake. Akambeba Faraja, ambaye alikuwa ameniachia nimlee, mpaka akalala usingizi wa mchana. Kisha akanieleza. Chuoni, akiingia bwaloni kula, mmoja anasimama na sahani yake anasema, "Nimekosa mbele zenu, ndugu zangu, naomba mnipokee." Na meza nzima inaitika, "Tumekupokea!" Wanampa mkono mmoja mmoja, kama wazee wetu. Wanacheka mpaka wanapaliwa.

"Jumatatu tunaanza mazoezi ya kufundisha," akasema. "Asiyekwenda anarudia mwaka. Siendi, mama."

"Mwanangu, Jumatatu ni mbali. Ngoja nishuke."

Ijumaa nikashuka Hedaru, moja kwa moja kibandani kwa Asheri. Akaniwekea kiti.

"Itoe," nikamwambia.

"Mama Blessing, ile video imegusa watu. Kuna mtu ameandika kutoka Omani, anasema alikuwa ameacha kusali..."

"Omani hawamjui Blessing. Same wanamjua."

"Lakini mama," akashusha sauti, "si nilikuuliza pale mlangoni? Si ulisema rusha?"

Nikaangalia ile mashine yake inavyotema karatasi. Yeye naye akaona haya, maana si mtu mbaya Asheri, tumekua naye pale kanisani. Akatoka nje akampigia mchungaji, wakaongea kidogo, akarudi akaifuta mbele yangu. Kidole kimoja tu, kama mtu anayepangusa makombo mezani.

"Imekwisha, mama."

Nikapanda mlima na neno hilo. Miguu inauma, ila moyo mwepesi.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Blessing. Alikuwa anamenya ndizi. Akasikiliza, akafuta mikono, akachukua simu yake. Akanionyesha ukurasa wa mtu tusiyemjua: kile kile kipande, kimetiwa vicheko. Akanionyesha mwingine, wa mhubiri wa mjini ambaye hata jina lake sijawahi kulisikia. Ameandika namba yake chini ya machozi ya mwanangu, wenye shida kama hii wapige.

"Asheri amefuta ya kwake," akasema. "Hizi si za kwake."

Akarudi kwenye ndizi. Halafu bila kuniangalia:

"Nani alimwambia arushe?"

Ningeweza kusema wazee. Angeamini.

"Mimi."

"Ulijua ni pamoja na ile ya kwangu?"

"Nilijua. Nilitaka shangazi yako aone."

Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea.

"Mngeniuliza," akasema, "ningesimama vile vile. Wale pale ndani wananijua, wamenilea, nimewakosea kweli. Lakini hawa wa humu kwenye simu, mama, hawa nimewakosea nini?"

Jumatatu niliamka mapema, nikachemsha chai, nikainyoosha ile sketi yake ya kufundishia kwa pasi ya mkaa. Anaeli akalitoa begi mpaka mlangoni. Yeye ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyatafuta.

"Twende wote, mwanangu. Nitakaa getini pale chuoni. Atakayekucheka aanze na mimi."

"Baba, utakaa getini siku ngapi?"

Anaeli akakaa juu ya begi. Gari la Same likapiga honi kwenye kona, mara mbili, dereva alikuwa ameambiwa asubiri. Likapiga tena. Kisha tukalisikia linashuka, linabadilisha gia, mpaka likapotea. Blessing alikuwa ameshavaa kanga, anamwogesha mtoto.

Chuo wamesema arudi mwakani akitaka. Mchungaji na Asheri walikuja nyumbani wakaomba radhi, na baraza la wazee limepitisha kwamba mtu anayerudi kundini hapigwi picha, simu inazimwa. Ni vizuri. Blessing aliwaamkia shikamoo kwa adabu, akawawekea chai, akatoka kuanika nguo. Kanisani haji. Sijamlazimisha, maana nimeshalazimisha mara moja.

Mimi naenda. Mabenchi ya nyuma sasa yana watu. Jumapili iliyopita mama mmoja mgeni alikaa karibu yangu, mtu wa Same kwa mavazi yake. Baada ya ibada akanishika mkono, akasema alikuwa hajaingia kanisani tangu afiwe na mumewe, akamwona binti mmoja kwenye simu analia, ndipo akauliza njia ya kuja huku.

"Yuko wapi yule binti?" akauliza, akigeuza shingo kwenye mabenchi. "Nataka tu nimsalimie."

Nikamwambia yuko nyumbani, ana mtoto mdogo.

"Basi mwambie amenisaidia sana."

Nikasema nitamwambia. Leo ni siku ya nne na sijamwambia.